Kina mama na mimbari

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Malindi, Barani. Kanisani kwetu uamsho umekuja kwelikweli, mkesha kila Ijumaa, watu wanaokoka, lakini sisi kina mama kazi yetu ni pilau, kufagia na kwaya basi. Juzi nikaomba nitoe neno kidogo tu, mzee wa kanisa akanisomea 1 Wakorintho 14, eti tunyamaze. Sasa neema si ya wote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mzee kasoma sura ya 14 akairuka ya 11, maana barua ni hiyohiyo na mstari wa 5 Paulo anazungumzia mwanamke anayesali na kutoa unabii, anachotaka ni kichwa kifunikwe, sio mdomo! Halafu kuna Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, Warumi 16, na Prisila na mumewe walimkalisha Apolo, msomi mzima, wakamfundisha.

Na hata uamsho wenyewe, siku ya Pentekoste Petro alisema wana na binti watatabiri, sasa ukitaka moto wa Roho halafu binti umfungie jikoni ni uamsho gani huo jamani. Hapa Kenya Waanglikana wana maaskofu wanawake tangu 2021. Wakatoliki hawawapi wanawake upadre, ila kufundisha katekesi wanafundisha.

Usigombane naye mbele za watu. Muone mchungaji faragha, Biblia mkononi, umwombe zamu ya ushuhuda kwenye mkesha. Na pilau waambie wanaume nao washike mwiko, mbona harusini wanapika.