Kompyuta ya gemu isiyovuma

Swali: Shikamoo fundi. Nalala chumba kimoja na mdogo wangu. Nataka kompyuta ya gemu, ila feni zisimwamshe, na mfuko wenyewe mdogo. Msomaji, Mwanza

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tafuta kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, yenye kasha pana, usichukue lile jembamba. Weka kadi ya michoro ya GTX 1650, ile isiyodai waya wa ziada wa umeme. Inakula wati 75 tu, kwa hiyo joto ni dogo. Diski iwe SSD, haina kinachozunguka. Feni ya milimita 120 husukuma hewa ileile kwa mzunguko wa polepole kuliko ya 80, hivyo kelele hupungua.

Yangu ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga. Nilipoifungua nikakuta vumbi limegandamana kama sufi juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Nilipiga brashi, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto, ikanyamaza. Na gemu ziwekee kikomo cha fremu (picha) 60 kwa sekunde, ili kadi isipate joto na feni zisikimbie bure.