Nusu siku ya kuuona msikiti wa kale wa Kilwa

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia hapa Njombe. Mwezi ujao tunakwenda Kilwa Masoko kwenye harusi ya mdogo wangu, na kabla ya sherehe nitakuwa na asubuhi moja tu. Mama mkwe, ambaye magoti humsumbua, anataka tufuatane hadi Kilwa Kisiwani kuuona msikiti wa kale. Je, nusu siku inatosha?

JIBU: Ndugu Mwalimu, inatosha, mradi mkubali kutoona kila kitu. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, liko mbali na msikiti kiasi cha kumchosha mama, kwa hiyo liacheni. Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505, litazameni mkiwa njiani.

Sisi wa nyanda za juu tukipanga safari huulizia mvua, lakini pwani huulizwa maji. Siku moja kabla, mkienda ofisini Masoko kuchukua kibali, muulizeni nahodha saa za kujaa na kupwa, kwa kuwa maji yakikupwa mashua huweza kukwama mbali na ufuko, nanyi mkalazimika kuteremka na kutembea majini, jambo ambalo magoti ya mama hayatalistahimili.

Msikitini kaeni saa nzima. Anzieni upande wa kaskazini, ulio wa kale zaidi, ambao dari yake ilikuwa bapa, kisha ingieni upande wa kusini, mpana zaidi, wenye safu za nguzo na kuba zilizojengwa upya katika karne ya 15. Huo ndio utajiri uliotokana na dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, iliyopitia bandari hii, na Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, aliufikia mji huu mwaka 1331 ukiwa katika neema yake. Sogeeni ukutani mpaka macho yakaribie jiwe: mtaona vijitundu vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki, kwani jiwe lenyewe ni tumbawe, na hata chokaa iliyoyashikamanisha ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Ningekuwa na wanafunzi, hapo ndipo ningewasimamisha.

Ondokeni saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Chukueni maji ya kunywa, viatu vilivyofunika vidole, na kanga ya mama ya kukalia kivulini, kwa maana atahitaji kupumzika zaidi ya mara moja.