Amplifaya ya rock na metal kwa anayeishi Mwanza: anza na chumba, siyo wati

Vijana wanaoanza kupiga gitaa hapa mjini wakiniuliza wanunue amplifaya gani ili wapate sauti ya rock ya zamani au metal, huwa wanategemea niwatajie chapa. Mimi nawauliza kwanza wanaishi wapi, na nani. Kama umepanga chumba Mabatini au kule juu Bugando, nyumba zimebebana juu ya mawe na jirani wa chini anasikia ukikohoa, amplifaya ya wati mia itakaa kwenye namba moja mwaka mzima. Na kwenye namba moja, nyingi za aina hiyo hazina ladha. (Utani wa kuiita Mwanza Rock City naujua, umeshasemwa vya kutosha.)

Wati zinawadanganya wengi. Ukizizidisha mara mbili, sauti inapanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini halishtuki. Ili msikilizaji aone kelele imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Maana yake amplifaya ya wati 100 ina kelele kama mara mbili ya ile ya wati 10, siyo mara kumi. Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja, amejenga sauti yake juu ya amplifaya ya Vox AC30, na hizo ni wati 30. Ukumbi ukiwa mkubwa, amplifaya inawekewa maikrofoni na kazi ya kufikisha sauti nyuma wanaachiwa watu wa mitambo.

Sasa tuje kwenye sauti yenyewe, maana hapa ndipo watu wanaponunua kitu kisichowafaa.

Rock ya miaka ya sitini na sabini ilitokana na mashine kuelemewa. Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake walichukua mpangilio wa amplifaya ya Kimarekani, Fender Bassman, wakautengeneza upya kwa vipuri walivyovipata, ikazaliwa JTM45. Baadaye wanamuziki walitaka kubwa zaidi, zikaja za wati 100. Zile hazikuwa na kitufe cha kukwaruzisha sauti. Ulikuwa unafungulia mpaka valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, zinashindwa kubeba, spika nazo zinatetemeka, na huko kushindwa ndiko tunakokuita sauti ya rock. Msikilize Angus Young wa AC/DC kwa makini: gitaa lake halikwaruzi sana kama unavyodhani. Ni kubwa tu.

Metal ilichukua njia nyingine. Ilianzia Birmingham, kwa Tony Iommi wa Black Sabbath na amplifaya zake za Laney. Alikatika ncha za vidole viwili kiwandani, na baadaye akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize, sauti ikashuka na kuwa nzito. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, mikwaruzo ikahamishiwa mwanzoni mwa amplifaya, kabla sauti haijafika kwenye sehemu ya nguvu, ile inayosukuma spika. Mesa/Boogie Mark IIC+ waliyoitumia Metallica kwenye albamu yao ya mwaka 1986 iko hivyo, na Peavey 5150 ya mwaka 1992 ndiyo kabisa.

Matokeo yake ni jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walisikie wenyewe: chumbani, metal ni rahisi kuipata kuliko rock ya zamani. Mikwaruzo ya metal inapikwa mwanzoni, kwa hiyo unaweza kushusha sauti na ladha nyingi ikabaki. Rock ya zamani inataka sehemu ya nguvu na spika vifanye kazi ya kutoka jasho, na hicho ndicho mama mwenye nyumba hatakiruhusu. Kama moyo wako uko kwa AC/DC, tafuta amplifaya yenye swichi ya kupunguza nguvu. Boss Katana 50, chapa iliyoanza kutoka mwaka 2016, inashuka mpaka nusu wati, na ina spika ya inchi 12. Mimi ningeanza na hiyo kwa mtu wa chumba kimoja. Asiyependa mambo ya programu na menyu achukue Orange Crush: transista tupu bila valvu, vitufe vichache, hakuna cha kusoma.

Neno transista lisikutie aibu. Kuna watu humu mjini wanazungumzia valvu kama dini, na hawajawahi kumiliki hata moja. Roland JC-120 ni ya transista, iko sokoni tangu 1975, na kwa sauti safi wakubwa bado wanaiheshimu. Valvu za sehemu ya nguvu zinachoka na zinabadilishwa, na zikibadilishwa mara nyingi mashine inahitaji kurekebishwa upya na fundi anayeijua. Ndani yake kuna volti zaidi ya 400, na kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme, zinaweza kuushika hata ukiwa umeshachomoa waya. Fundi wa redio mwenye mazoea ya kuchokonoa kwa bisibisi anaweza kupoteza maisha humo. Kama huna fundi unayemwamini, achana nazo kwanza.

Kuhusu umeme, kuna hadithi ya Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi ya Van Halen. Kwenye albamu yao ya kwanza ya mwaka 1978 alitumia Marshall ya wati 100 aliyokuwa akiilisha kupitia transfoma ya kuzungusha, akishusha umeme wa Marekani kutoka volti 120 mpaka karibu 90. Jamaa zangu wakisikia hivyo wanacheka: kumbe jioni majiko na pasi vikiwashwa mtaa mzima, sisi tunapewa sauti ya Van Halen bure! Hapana. Yake ilishuka na kutulia pale alipotaka. Ya kwetu inacheza, na amplifaya ya kidijitali inaweza kujizima na kujiwasha katikati ya wimbo. Nunua stebilaiza pamoja na amplifaya, siku hiyohiyo. Ukiona mzigo wa mtumba kutoka Marekani, geuza nyuma usome kibandiko. Kikisema 120V, ukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230V umeshanunua kopo.

Turudi kwenye sauti. Kwenye mazoezi Kirumba nimeona magitaa mengi yakipotea. Mtu amepanga sauti yake nyumbani akiwa peke yake: besi juu, treble juu, katikati sifuri, kama anavyosikia kwenye rekodi. Chumbani inapendeza, kwa sababu kwa sauti ya chini sikio halishiki vizuri besi wala sauti za juu, basi mtu anaziongeza. Akifika kwenye bendi, besi yake inamezwa na gitaa la besi na ngoma ya mguu, za juu zinamezwa na matoazi. Eneo lililobaki kwa ajili ya gitaa ni katikati, na yeye ndilo aliloliondoa. Halafu anaongeza mikwaruzo ili asikike, mpigo wa kwanza wa uzi unabanwa, anazidi kuzama. Amplifaya ambayo kitufe chake cha kati hakibadilishi kitu ukikizungusha, mimi siichukui, hata iwe na efekti mia.

Spika nayo ina neno lake. Spika ya gitaa, kama zile Celestion Greenback za wati 25 zilizokuwa ndani ya makabati (masanduku ya spika) mengi ya Marshall, inaanza kufifia ukipita kama hezi 5,000. Ndiyo maana mikwaruzo inasikika laini. Ukichukua pedali ya distoshini, yaani ya kukwaruzisha sauti, ukachomeka moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa, spika zile zinatoa mpaka sauti za juu kabisa, na gitaa linakuwa nyuki ndani ya kopo. Mpigaji analaumu pedali. Pedali haina shida. Inakosa spika ya gitaa, au kifaa cha kuiga kabati lake. Kwa metal ya nyuzi zilizolegezwa, spika ya inchi 8 utaichoka mapema. Ukiziba nyuzi kwa kiganja na kupiga, unataka pigo la kifuani, na hilo linaanza kupatikana kwenye inchi 10 kwenda juu.

Na sauti safi usiidharau, kwa sababu kwa wengi wetu hela ya gitaa Mwanza inatoka kanisani, kwenye harusi na kwenye bendi za dansi, haitoki kwenye metal. Jumamosi utapigishwa sebene na benga, na ziwa hili lina masikio makali kwa benga, D. O. Misiani, gwiji wa benga, mwenyewe alizaliwa upande huu, kule Shirati. Gitaa la solo kwenye benga ni safi, kali, kila noti inasimama peke yake. Amplifaya inayojua kukwaruza tu itakukosesha kazi.

Dukani, iwe hapa mjini au umeenda Kariakoo, nenda na gitaa lako. Muuzaji atakuwashia mwangwi na efekti zote ili ushangae, mwombe azime. Weka vitufe vyote katikati. Piga uzi wa chini ukiwa umeuziba, kisha chodi nzima, kisha punguza sauti kwenye gitaa lenyewe usikie kama mikwaruzo inapungua taratibu au inakatika ghafla. Isimamie kwa mbali, maana ukiwa umesimama juu yake sauti inapiga kwenye vifundo vya miguu na sikio linapata nusu. Kama ni mtumba, zungusha kila kitufe usikilize kama kinakwaruza, tikisa waya kwenye tundu lake, mulika spika kwa tochi ya simu uone kama karatasi yake imechanika. Iache iwake nusu saa kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikataa hiyo nusu saa, muage.