Msiwavue kola: kwa walezi wapya wa mbwa hapa Dodoma

Jumapili saa nne na nusu usiku simu yangu iliita. Alikuwa mlezi mpya, kijana mzuri tu, ana wiki ya tatu nasi tunaolea mbwa waliookotwa mpaka wapate nyumba. "Shangazi, Bosi katoka." Katokaje? "Nilimvua kola apumzike kidogo." Bosi alikutwa asubuhi chini ya mnara wa tenki la maji kwa jirani, anatetemeka, na kijana wangu akanitumia picha yake na vikatuni vya kucheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani nimeshika simu, na chai ikapoa.

Basi leo naandika. Wadogo zangu, nawapenda, ila mnanichosha. Makosa mnayoyafanya nimeyafanya yote kabla yenu, na mengine bado nayalipia.

1. Karantini ya mbwa anayeingia ni siku 14, ni siku 14. Si siku 9 "kwa sababu anaonekana mzima". Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu, haimwonei haya mbwa anayeonekana mzima. Mwaka wangu wa pili nilipokea watoto sita wa mbwa waliookotwa kwenye mtaro, nikawapa majina ya stesheni za reli ya kati: Gulwe, Msagali, Igandu, Kikombo, Kigwe na Bahi. Niliona nimebuni jambo kubwa. Miezi mitatu nyuma yake, kwenye uwanja uleule, alikuwa amefia mbwa mmoja wa kuharisha damu, nami nilishafagia, nikamwaga maji nikaona yamekwisha. Virusi vile hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Ndani ya siku nane nilibaki na Igandu na Bahi. Sakafu ya saruji mnaweza kuisafisha: osheni uchafu kwanza, kisha Jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iachwe dakika 10 kabla ya kusuuza. Ndiyo, najua mgao wa maji, na mimi naishi hapahapa. Udongo hausafishiki kwa Jiki, kwa hiyo mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo hakanyagi uwanja uliougua. Na chanjo haiishii kwenye sindano moja. Inaanza akiwa na wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16.

2. Siku 3, wiki 3, miezi 3: hatua za mbwa kuzoea nyumba mpya. Mnaikariri wote kama sala, halafu siku ya kwanza mnaalika shule nzima ya Jumapili kuja kumshika. Siku tatu za mwanzo mbwa hajui yuko wapi. Anaweza asile, asilale, asiende haja. Mpe kona, maji na gunia la kulalia, halafu mwacheni. Wiki ya tatu ndipo anapoanza kuonyesha tabia yake ya kweli, na ndipo mnaponipigia mkisema "amebadilika". Hajabadilika, amefika sasa.

Hapohapo, suala la kunguruma. Mbwa akinguruma msimchape. Kuna baba mmoja alinieleza kwa fahari kwamba amemfundisha mbwa adabu, siku hizi hangurumi kabisa. Nikamwambia, baba, umemkata ulimi, meno umemwachia. Hakunielewa mpaka mbwa alipomng'ata mpwa wake bila kutoa sauti. Kabla ya kunguruma kuna kufyata mkia, kujiramba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati hana usingizi, kugeuza uso huku weupe wa jicho unaonekana. Hayo ndiyo maneno yake. Msikilizeni akiwa bado ananong'ona.

3. Chakula. Aliyekonda mpe kidogo mara tatu au nne kwa siku, msimjazie sufuria kwa huruma. Ugali wa dona na dagaa unatosha kwa kuanzia, mchuzi wenye vitunguu hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Dawa za maumivu za binadamu, ibuprofeni na diklofenaki, hapana mara mbili. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe msiikadirie kwa kifuniko cha soda, ulizeni daktari wa mifugo kipimo cha mbwa.

4. Kukabidhi. Hapa nitakaa kidogo.

Alikuwepo mbwa jike anaitwa Kaniki, mweusi tii, alitoka nyuma ya mabucha akiwa na jeraha la kamba shingoni. Nilikaa naye miezi miwili na nusu nyumbani kwangu Kisasa. Mwezi wa kwanza alikuwa analala akiwa amenipa mgongo. Mwezi wa pili akaanza kunifuata mpaka mlango wa choo. Akapata nyumba Nzuguni, kwa mwalimu mstaafu, mama mpole, ana uzio, ana kibanda, ana subira. Nyumba nzuri kuliko yangu. Kosa halikuwa la nyumba.

Ilikuwa wiki ya Nanenane. Mnajua Nzuguni ilivyo wiki hiyo, viwanja vya maonyesho viko hukohuko: spika toka asubuhi, matangazo, magari, vumbi, upepo wa Agosti unabeba muziki mpaka chumbani. Mtu mwenye akili angesema tusubiri wiki moja. Mimi nilikuwa na safari ya Singida, kipaimara cha mtoto wa dada yangu, na basi langu lilikuwa jioni ileile. Nikajiambia nimalizane naye kabla sijaondoka. "Nimalizane naye", ndivyo nilivyosema kwa mdomo wangu.

Tulikwenda kwa bajaji. Dereva akabaki nje na injini inaunguruma, kila baada ya dakika mbili anapiga honi. Nilimpa mwalimu kadi ya chanjo na mfuko wa dagaa, nikazunguka ukuta mbiombio. Geti lilikuwa la bati, na chini yake mchanga ulikuwa umechimbika, kuna uwazi. Niliuona. Nilipitisha mguu pale, ukaingia mpaka kifundoni. Nikasema, "Hapa muweke tofali baadaye." Baadaye.

Kisha nikamvua kola. Ilikuwa nyekundu, ya shilingi 12,000, ina kibati chenye namba yangu ya simu. Nilikuwa na mbwa mwingine aliyeingia asubuhi hiyohiyo, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe tuliyemwita Mstaafu, na sikuwa na kola ya pili. Nikamwambia mwalimu, "Utamnunulia yake mjini." Kaniki alikuwa amekaa chini ya mwembe, masikio yamelala nyuma, anajiramba midomo. Niliyowaandikia hapo juu kwenye namba 2 yote alikuwa anayasema. Nikapanda bajaji.

Simu ya mwalimu ilinikuta basi limeshapita Bahi, kama saa mbili usiku. Kaniki hayupo, mchanga chini ya geti umefukuliwa. Na mimi, mlezi mzoefu, nikamjibu nini? "Usijali mwalimu, atarudi tu, mbwa hawapotei." Nikafunga macho nikalala. Ningeweza kushuka. Ningeweza kumpigia hata mmoja wenu wa zamani aende akaite jina lake. Nilikuwa nimechoka, na moyoni nilikuwa na kajisauti kanakosema sasa ni mbwa wa mwalimu, si wangu.

Nilirudi baada ya siku mbili. Nyumbani nilikuwa nimemwacha kijana, mtoto wa jirani yangu mgeni, amlishe Mstaafu. Akanipa taarifa zote vizuri: maji yalikatika, Mstaafu kala, umeme upo. Halafu akasema, kwa majivuno ya mtu aliyelinda nyumba: "Na shangazi, kuna koko mmoja mweusi alikuja alfajiri mara mbili, anakwaruza geti. Mstaafu akambwekea sana. Nikamfukuza kwa mawe."

Nilimuuliza kama alikuwa na kola. Akasema hapana, ndiyo maana nikajua ni koko.

Kola ilikuwa shingoni kwa Mstaafu.

Yule mtoto sikumwambia kitu, na mpaka leo hajui. Alifanya alivyofundishwa. Nilizunguka wiki tatu. Nilikwenda kwenye mabucha, kwa waendesha boda, kwenye makalavati yote ya barabara ya Dar kutoka Nzuguni mpaka mjini, nimeshika picha kwenye simu. Mtu mmoja aliniambia alimwona mbwa mweusi anachechemea karibu na stendi. Mbwa weusi ni wengi. Mwalimu nikikutana naye sokoni huwa ananiuliza, "Yule hakuonekana?" na mimi ndiye ninayeangalia chini, ingawa aliyepotelewa ni yeye.

Kwa hiyo: kola na kibati vinaondoka na mbwa. Mnabaki nusu saa, bila bajaji kuwasubiri. Uwazi wa geti unazibwa mkiwa bado mmesimama pale. Wiki mbili za kwanza anatoka kwa kamba tu hata ndani ya uzio. Mfuko wa chakula alichozoea unamfuata, pamoja na gunia lake ambalo halijafuliwa, lenye harufu yake. Akitoroka usiku wa manane, simu ya kwanza ije kwangu, na geti la kwako liachwe wazi, kwa sababu anajua njia ya kurudi kwako kabla hajaijua ya kule.

5. Usaili wa wanaotaka mbwa. Swali lao la kwanza ni "Ni mkali?" Tangu serikali ihamie huku kila mtu ana kiwanja, ukuta umefika kozi nne na saruji inalala nje. Wanatafuta mlinzi asiyelipwa. Siwalaumu, ila mbwa aliyefungwa mnyororo wa mita moja na nusu kulinda mifuko ya saruji hatulii, anaharibika. Muulizeni hivi: "Ukipata uhamisho, mbwa anakwenda wapi?" Akikaa kimya mrudisheni mbwa kwenye bajaji. Nimewahi kukuta jike na watoto wake kwenye nyumba iliyohamwa, sufuria iko tupu na kalenda bado iko ukutani.

Kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja, waulizeni wapangaji wote, si mwenye chumba peke yake. Majirani zetu wengi Waislamu wanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Msianze kubishana nao wala kuwacheka. Jirani yangu mzee tulikubaliana mambo mawili: mbwa wangu hapiti upande wa bomba, na mimi situndiki magunia ya mbwa kwenye kamba ya nguo ya pamoja. Tuna miaka saba hatujagombana, na ndiye aliyeniamsha usiku ule Mstaafu alipozidiwa.

6. Kichaa cha mbwa. Sitaki utani hapa. Chanjo akifika miezi mitatu, inarudiwa kila mwaka, msikae mkisubiri kampeni ya 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa usiyemjua historia yake, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, ukiangalia saa, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Na nyinyi walezi mpate chanjo ya kinga kabla, msiwe watu wa kuchanja mbwa wa mtaa mzima huku wenyewe mko uchi.

7. Majike wafungwe kizazi kabla ya kukabidhiwa. "Tutamfunga baadaye" ni ndugu wa "tofali baadaye". Mimba ya mbwa ni kama siku 63, hamtaiwahi.

8. Kupe: angalieni na nyufa za ukuta, si masikio tu.

9. Mnaoniuliza mnamalizaje kulia baada ya kukabidhi: sijui, mimi hulia kwenye bajaji, madereva wa Kisasa wamenizoea.

Igandu, yule aliyenusurika parvo, alikwenda Iyumbu akiwa na miezi minne, nimemlea kwa sindano na maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, nalala naye sakafuni. Nilimtembelea baada ya mwaka mmoja na zaidi. Nilipogonga geti akaja mbio, jibwa zima, kifua kimetanuka, akanibwekea kama ninaiba. Nikaita, "Igandu! Igandu mama!" Akazidisha. Mwenye nyumba alikuwa bafuni, kwa hiyo nilisimama juani robo saa, mkoba kichwani, nimebeba dagaa za zawadi, Igandu kasimama upande wa pili hataki hata nisogeze kidole kwenye komeo. Hatimaye mama wa watu akatoka anakimbia, kanga mabegani, sabuni bado sikioni, akamshika kola.

"Samahani dada," akaniambia, "huyu hajazoea wageni."