Mlinzi Awe wa Mwisho: Barua kwa Mwanangu Anayekula Sikukuu Kinyerezi

Mwanangu,

Sisi huku Temeke hatujambo. Ni goti la baba yako tu, huanza kulalamika kila wingu likijikusanya.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwaka huu hamwendi Moshi kwa wakwe zako kwa sababu nauli ya Desemba na ada ya Januari hazikai mfuko mmoja, na unaniuliza kama mtafute mlinzi wa usiku, maana nusu ya mtaa inahamia mikoani na vibaka wanalijua hilo.

Tafuteni mkitaka, ila mimi ningemweka mlinzi wa mwisho. Kibaka wa Desemba huwinda nyumba yenye giza na kufuli nje ya geti. Yako itakuwa na taa, redio na watoto wanaogombania rimoti. Chukua namba ya mjumbe na ya jirani anayebaki. Wanaosafiri nao wakuachie zao. Basi, tumemaliza habari ya wezi.

Ninachokiogopa mimi kiko jikoni kwako. Mtungi wa gesi una tabia ya kuisha siku yenyewe ya sikukuu, pilau likiwa motoni na mvua inapiga bati. Hapo ndipo jiko la mkaa huingizwa ndani. Watu huogopa moshi, halafu mkaa ukishakolea wakauona mwekundu bila moshi, wanasema sasa hauna neno, wanafunga na dirisha kuzuia mvua. Ile hewa yake, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, usingizi mzito unamchukua, naye anadhani ni uchovu wa sikukuu. Wapo waliolala hivyo wasiamke. Kwa hiyo jiko la mkaa ni la barazani, na likishapika lisilale ndani hata kama limebaki majivu ya moto. Mwambie na dada wa kazi, tena mwambie sababu yake, usimpe amri tupu. Jenereta la shemeji yako, kama mtaliazima, nalo likae nje kabisa, mbali na madirisha.

Gesi ya mtungi yenyewe ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inatulia chini sakafuni, na ile harufu imetiwa makusudi ili tuishtukie. Ukiisikia, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima, maana cheche moja inatosha. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto, kisha upige 114 kwa zimamoto ukiwa nje. Na mpira wa gesi ukaguliwe wiki hii kwa povu la sabuni. Mume wako namjua, atataka kupima kwa kiberiti.

Halafu kuna bonde. Nyumba yenu iko juu kidogo, namshukuru Mungu, lakini Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Kisarawe. Mvua ikinyesha huko, mto unaweza kuwajia jua likiwaka kwenu. Mvua hizi za vuli si za kubeza. Desemba 2011 ziliua makumi ya watu hapa Dar es Salaam, na waliokosa makazi bondeni wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Zibueni mtaro wa nyuma kabla haujazibuliwa na mafuriko. Hati ya kiwanja, vyeti na kadi za kliniki zitie kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kabati. Maji yakikaribia mlango, zima meni swichi mapema, mikono na miguu ikiwa mikavu. Na asivuke mtu maji yanayokimbia, hata ya magotini. Yanamwangusha mtu mzima.

Mengine unayajua. Umeme wa Luku nunua mapema, pawabenki ichajiwe, tochi badala ya mishumaa. Maji ya kunywa yachemshwe, kwa sababu baada ya mafuriko ndipo kuharisha huanza; weka paketi za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kila moja kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa kwenye paketi, usiigawe kwa makadirio ya glasi. Dawa ya pumu ya mjukuu wangu hakikisha inavuka mwaka mpya, maana siku hizo maduka mengine ya dawa hufungwa. Na yale matairi ya baba mwenye nyumba yaliyojaa maji uani, yamwagwe. Mbu wa dengi huuma mchana, neti ya usiku haimhusu.

Tutakuja tarehe 26, baba yako anataka kuku wa nazi. Mtungi wangu mdogo wa kilo 6 umejaa na siutumii. Mume wako apitie auchukue Jumapili, uwe wa akiba. Aje na gari, asiupakie kwenye bodaboda.

Mama yako