Maswali na Majibu: Kumtafutia Makao Mapya Poni Msumbufu

Poni wangu, yaani farasi wa aina ndogo, ana miaka 9 na alikuwa mpole, lakini kwa miezi michache sasa anauma na kurusha mateke kila anapotandikwa. Je, wakati wa kumtoa umefika?

Bado. Mnyama aliyekuwa mpole akageuka mkali kwa muda mfupi hivyo ana jambo linalomsumbua, na mara nyingi jambo hilo ni maumivu. Mwite daktari wa mifugo amkague mgongo, miguu na meno, kwa maana meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa miaka mingi, na yanaposagika vibaya hutoa ncha kali zinazokwaruza mashavu kwa ndani. Tumbo nalo lisisahauliwe: tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, ale asile, hivyo poni anayekaa saa nyingi bila majani huweza kupata vidonda vinavyomfanya achukie hata kuguswa ubavuni. Kisha litazame tandiko lenyewe, kwani lililomkaa vizuri mwaka jana huenda linambana leo ikiwa amenenepa.

Niliwahi kusimama kando ya poni mmoja ambaye, kabla mkanda wa tumboni haujafika hata tundu la kwanza, alikuwa amekwisha kulaza masikio nyuma, amekunja pua na kuizungusha shingo akitafuta mkono wa mtu. Mwenye poni huyo alisema ni ukorofi tu. Tulipompapasa nyuma ya mabega, ngozi ilitetemeka na mgongo ukabonyea chini ya vidole vyetu. Tandiko lilibadilishwa, akapumzishwa kwa wiki kadhaa, na ugomvi ule ukapungua sana. Poni wa namna hiyo akitolewa kabla ya kukaguliwa huhama na maumivu yake, na wenyeji wapya watamchoka upesi kuliko wewe.

Daktari hakuona ugonjwa wowote. Ni tabia yake tu. Nikiieleza yote, nani atamtaka? Ni lazima niseme kila kitu?

Ni lazima, na useme kwa matendo yake badala ya majina. Ukisema “msumbufu”, mmoja ataelewa kwamba ni mvivu na mwingine ataelewa kwamba ni hatari. Andika kwamba hukimbia akifuatwa malishoni na hushikika baada ya nusu saa, kwamba hukataa kupanda gari la kusafirishia, kwamba amemwangusha mpandaji mara mbili mwaka huu, na ueleze mara hizo alikuwa wapi na nini kilimshtua. Andika vilevile yale anayoyafanya vizuri: kama husimama kimya kwato zikichongwa, au hutulia akiongozana na farasi mwingine, hiyo ni habari inayoweza kumpatia mwenyeji anayemfaa. Maradhi aliyowahi kuugua yatajwe yote.

Ukificha, wa kwanza kuumia huenda akawa mtoto wa mtu. Wa pili ni poni mwenyewe, ambaye atauzwa tena, kila mara kwa haraka zaidi na kwa bei ya chini zaidi, mpaka afike mikononi mwa asiyejali. Ndiyo sababu sikubali kabisa desturi ya kumpa mnyama dawa ya kumtuliza siku mnunuzi anapokuja kumwona. Huo ni udanganyifu, na mnunuzi makini hulinda haki yake kwa kumwomba daktari achukue damu ya kupimwa.

Nitamtambuaje mtu anayefaa?

Anayefaa huuliza maswali mengi, tena huyauliza kabla ya kutaja bei. Mwache akamfuate poni malishoni mwenyewe, ampige brashi na kumtandika, nawe uangalie mikono yake poni anapokataa, kwa kuwa papo hapo ndipo subira ya mtu huonekana. Kwanza poni apandwe na mtu wako, kisha yeye. Poni mgumu hamfai mtoto anayejifunza, hata kama mtoto huyo amempenda hadi machozi. Anahitaji mpandaji mzoefu, naye awe mwepesi. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama, yaani kilo 50 kwa poni wa kilo 250.

Nenda pia ukaone atakapoishi. Farasi ni mnyama wa kundi, na poni anayefungiwa peke yake huzidi kuwa mkali. Malisho yaliyostawi mno si neema kwake, kwa kuwa poni hunenepa upesi na huweza kupata uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato. Mkiridhiana, mpeane wiki chache za majaribio kwa maandishi: nani anaruhusiwa kumpanda, nani atamlipa daktari, na kwamba mambo yakishindikana anarudi kwako, hauzwi kwingine.

Nimtoe bure ili aondoke haraka?

Hapana. Cha bure huvuta hata wasio na uwezo wa kukitunza, na wengine hukigeuza biashara siku hiyo hiyo. Ikiwa pesa si shida yako, mkabidhi kwa mkataba wa kumtunza huku akibaki mali yako, nawe uwe na ruhusa ya kumtembelea.

Poni wangu ana miaka 27, ugonjwa wa kwato humrudia kila mwaka, na humuuma kila mtu isipokuwa mimi. Siwezi tena kumtunza na hakuna anayemtaka.

Pole sana. Poni wa umri huo, mgonjwa na mwoga wa wageni, hana makao mapya ya kweli isipokuwa umpate mtu anayemjua tayari. Zungumza na daktari wake waziwazi kuhusu kumpumzisha milele bila maumivu, nyumbani kwake, kabla ugonjwa haujamrudia tena. Kufanya hivyo si kumtelekeza. Siku hiyo mpe chakula anachokipenda, na kama moyo utakuruhusu, ishike kamba yake wewe mwenyewe, maana sauti yako ndiyo anayoiamini.