Mbwa mkubwa wa kituoni atawazoea, ila yeye ndo atachagua aanze na nani

Mkuu nimesoma uzi wako wote pamoja na majibu ya wadau nikaona nisipite kimya, maana hilo swali lako ndo lilikuwa swali langu 2019. Umeuliza kama mbwa mkubwa wa miaka mitatu hivi, aliyeokotwa mtaani akapelekwa kituo cha kuokoa wanyama, anaweza kweli kuizoea familia yenye watoto wawili na bibi yao, au bora ununue kitoto cha German Shepherd mkilee wenyewe. Wengi wamekwambia nunua kitoto, mbwa mkubwa ana mambo yake tayari, atakula chakula chako na hatakupenda. Mi nakuandikia nilichokiona ndani ya geti langu.

Mimi ni Mtanzania ila tunaishi Rongai, nje kidogo ya Nairobi, tangu 2016 kikazi. Na sisi tulianza na kitoto. Tulinunua kwa jamaa mmoja wale wanaosimama barabarani na watoto wa mbwa mikononi, akatuapia kabisa kwamba kimeshachanjwa, na karatasi akatupa. Siku ya nne kikaanza kutapika, ya tano kuharisha damu, daktari wa mifugo akasema ni parvo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, na ile karatasi haina maana yoyote, siku ya saba kikafa kikiwa kwenye boksi jikoni. Watoto wangu walilia wiki nzima. Chanjo ya parvo mkuu haichomwi mara moja ikaisha, inaanza kitoto kikiwa na wiki 6 mpaka 8 halafu inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka kifikishe wiki 16 hivi, kwahiyo kitoto cha wiki sita cha barabarani hata kama kweli kimechomwa bado hakina kinga kamili. Hilo lijue kabla hujatoa hela yako.

Baada ya hapo mke wangu akasema twende KSPCA, kile chama cha Kenya cha kulinda wanyama, kituo chao kiko upande wa Karen, sio mbali na kwetu. Nilidhani ni kama dukani, unachagua unalipa unaondoka. Kumbe yule mhudumu alituuliza maswali kuliko sisi tulivyomuuliza yeye. Una uzio? Nyumba ni yako au umepanga, na mwenye nyumba anajua? Atafungwa mnyororo? Nikajibu yote vizuri tu. Halafu akauliza, mchana nani anashinda nyumbani? Nikasema dada wa kazi, sisi tunatoka saa kumi na mbili asubuhi tunarudi usiku. Akaniuliza na huyo dada anasemaje kuhusu mbwa?

Nikanyamaza. Hatukuwa tumemuuliza.

Aisee lile swali ndo kila kitu, na ndo sababu ya mimi kuandika huu waraka wote. Tuliambiwa turudi naye. Tukamuuliza dada jikoni usiku ule na akakataa katakata, tena kwa kutetemeka, akasema kwao Singida alipokuwa mdogo mtoto wa jirani aling'atwa na mbwa, wazazi wakaweka dawa za kienyeji kidonda kikapona, baada ya wiki kadhaa mtoto akaanza kuogopa maji, akafa kwa kichaa cha mbwa, na yeye aliona kwa macho yake. Alikuwa amekaa nyumbani kwetu miaka minne na hatukuwahi kulijua hilo. Tukamwambia basi hatuchukui. Yeye mwenyewe, kama wiki mbili mbele, akasema twende nikaangalie tu.

Kule mhudumu hakumbembeleza. Alimwonyesha kadi ya chanjo ya mbwa mmoja mmoja, tarehe, muhuri, akamwambia kichaa cha mbwa ukishaanza kuumwa hakuna dawa lakini kinazuilika kabisa, mbwa akichanjwa kila mwaka, na mtu aking'atwa na mbwa yeyote aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu akimbie hospitali kuanza sindano siku hiyohiyo, asisubiri kuona. Dada akauliza kwa sauti ndogo, kwahiyo yule mtoto angepona? Akaambiwa ndiyo, karibu kwa hakika. Alikaa kimya sana njia nzima ya kurudi. Lakini mbwa wa kumchukua dada alishamchagua tayari. Ni jike moja rangi ya karanga zilizokaangwa, sikio la kushoto ncha imeliwa na nzi, lilikuwa limekaa nyuma kabisa ya banda limegeukia ukuta wakati wengine wote wanabweka na kurukia nyavu. Dada akasema huyu hana kelele. Watoto wakamwita Karanga. Alikuwa ameshafungwa kizazi na kuchanjwa, na meno yake yalionyesha ana kama miaka mitatu. Wakaja kukagua nyumba, wakaridhika, tukamchukua.

Sasa mkuu hapa usije ukategemea zile video za mtandaoni mbwa anashuka kwenye gari anamlamba kila mtu. Karanga alishuka akaenda moja kwa moja chini ya stendi ya tangi la maji, akakaa huko siku tisa. Anakula usiku tu tukishalala. Siku ya pili mimi nilimvuta kwa kamba ili atoke aone jua, akajikojolea palepale akiwa amelala chini, ilinichoma sana na sikurudia tena. Watu wa vituo wana hesabu yao, siku 3 za woga, wiki 3 za kuanza kujua ratiba ya nyumba, miezi 3 za kujiona yuko kwao. Kwa Karanga zile siku 3 zilikuwa 9 ila yaliyobaki yalikuja karibu hivyohivyo.

Shida kubwa ilikuwa ufagio. Dada anafagia uwanja kila alfajiri na ule wa chelewa, na asubuhi ya kwanza ufagio ulipoinuka tu yule mbwa alibana kwenye kona ya stendi mpaka akajikwangua mgongo. Huko alikotoka alikuwa anafagiliwa kama takataka, au anachapwa, sijui. Hakuna aliyemwambia dada afanye nini. Yeye akabadilisha mwenyewe. Akaanza kufagia kwa kuinama sana, ufagio anauburuta chini haunyanyui, anaanzia mbali kule kwenye mparachichi, pole pole, huku anaimba pambio la kanisani kwao kwa sauti ya puani. Akimaliza anauacha ufagio umelala katikati ya uwanja haurudishi nyuma ya mlango. Tukawa tunaukuta asubuhi umesogezwa, kumbe Karanga usiku anaenda kuunusa. Wiki ya tatu mke wangu akaniita dirishani kwa ishara ya mkono, nikamkuta dada anafagia na mbwa yuko nyuma yake hatua mbili hivi, akisogea naye anasogea, kichwa chini, mkia umeshuka lakini unatikisika kwenye ncha. Dada hakugeuka, aliendelea kuimba.

Toka siku ile wakawa kitu kimoja. Akimenya viazi mbwa amelala juu ya miguu yake. Akianika nguo mbwa yuko chini ya kamba. Watoto wangu waliumia kweli, yule mdogo akaniuliza baba si tulimchukua awe wetu. Nikamwambia mama, Karanga alikuwa hana mtu, sasa ana mtu, wewe subiri zamu yako. Na sheria tukaweka: haguswi akila, haguswi akilala, hakuna kumkumbatia shingoni, hakuna kumkazia macho. Hili la macho watu hawalijui. Mbwa mwenye woga ukimkodolea anaona unamtishia. Akishakuzoea ndo anakutafuta machoni mwenyewe, na kuna utafiti wa Wajapani wa 2015 ulionyesha mbwa na mtu wake wakitazamana, ile homoni ya oksitosini inapanda kwa wote wawili, ileile ya mama anayemtazama mtoto mchanga, wakati kwa mbwamwitu waliolelewa na watu haikutokea hivyo. Mimi Karanga alinitazama machoni bila kukwepa mwezi wa tano tangu aje kwetu. Nilikuwa nimekaa kizingitini navua viatu. Nakumbuka mpaka rangi ya soksi.

Watoto zamu yao ilifika. Alianza kuijua honi ya gari la shule, akawa geti kabla halijafika, akawa anambebea mdogo ndala moja moja mpaka mlangoni. Ila wa kwanza alibaki dada.

Halafu Januari 2022 dada akaondoka kwenda kuolewa. Tulimsindikiza kwenye basi la kupitia Namanga, tukarudi, Karanga akatupokea, akaangalia nyuma yetu, akaenda kukaa getini. Hakula siku ile, wala kesho yake, siku nne. Usiseme ni huzuni tu mkuu, mbwa asipokula mpeleke kwa daktari, homa za kupe huku kwetu zinaua kimyakimya. Tulimpeleka, joto lake 38.6 ambalo kwa mbwa ni la kawaida, damu ikapimwa safi, daktari akasema hana ugonjwa, anamngoja mtu. Mke wangu akalia pale kliniki. Mi nilikuwa najiuliza kama tumemtendea haki, mnyama aliyeachwa mara ya kwanza anaachwa tena.

Binti yangu mkubwa, alikuwa na miaka 11, asubuhi ya tano akachukua ufagio. Mbwa akamwangalia tu, hakunyanyuka. Siku ya sita vilevile. Jioni nikamsikia yuko kwenye simu, amempigia dada Singida, anamuuliza dada ulikuwa unafagiaje? Na dada anamwelekeza kama anavyoelekezwa mtu kupika: inama, usiunyanyue, anzia kwenye mparachichi, usimwangalie, na lile pambio unalijua, si unalijua? Wakaimba wote wawili kwenye simu mpaka vocha ikakata. Kesho yake saa kumi na mbili kasoro nikiwa nanyoa ndevu nikasikia chelewa zinakwaruza chini pole pole na sauti ya mtoto inaimba. Nilipochungulia, Karanga alikuwa ametoka getini. Alisimama mbali. Wakafika nusu ya uwanja ndo akaanza kumfuata. Saa mbili akala ugali wote na omena, yaani dagaa.

Mpaka leo wanafagia pamoja, na mbwa sasa ana mvi mdomoni.

Sasa turudi kwako. Umeandika mstari mmoja tu kwamba mama yako anaishi nanyi, anashinda nyumbani, ni mtu wa swala tano na hapendi mbwa, halafu ukaendelea na mambo ya ukubwa wa banda. Mkuu, huo mstari ndo uzi wote. Wewe unatoka asubuhi, watoto wako shule, huyo mbwa ataishi na mama. Baba mkwe wangu ni mtu wa Tanga, swala hakosi, akija anakaa mwezi mzima, na tumeishi vizuri tu kwa kumheshimu: mbwa haingii ndani, haji upande wa baraza anakoswalia, bakuli lake lina bomba lake huko nyuma halichanganyiki na vyombo, na udongo safi upo kwenye ndoo maana wao wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa yakigusa chombo au nguo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Yeye mwenyewe ndo aliniambia mbwa wa kulinda nyumba dini haijamkataza. Ila aliulizwa kabla. Usimpelekee mama mbwa kama saprais.

Chakula usihangaike, ugali na dagaa au matumbo yanatosha mwanzoni, vitunguu usiweke, mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe inapasuka kama sindano. Dawa ya minyoo na ya kupe weka kwenye kalenda ya simu. Banda jenga la kawaida, ila usilitazamishe ukutani, awe anaona mlango wa jikoni.

Kitoto au mkubwa, hilo utaamua, ila mbwa wa kituoni ana uzuri mmoja, unaweza kwenda kumwangalia mara tatu nne kabla hujamchukua na wanaomlisha watakwambia ukweli wake. Kwahiyo jumamosi hii usiende na watoto. Nenda na mama, mbebee kiti kabisa, akae mbele ya mabanda kwa umbali anaoutaka yeye, na maswali aulize yeye. Akisema hapana rudini nyumbani, usimlazimishe. Akikuonyesha mmoja na kidole, hata kama ni mbaya, hata kama sikio limeliwa, msikilize. Halafu uje utupe mrejesho hapa.